Wezi wa Ngũgĩ Walitaja Majina Yao

Kitabu chenyewe hakina jalada. Kurasa za mwanzo zililoa maji, na aliyenipa aliziunganisha kwa gundi ya viatu, kwa hiyo ukikifungua kinanuka kama kibanda cha fundi. Ni Shetani Msalabani cha Ngũgĩ wa Thiong'o, tafsiri ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1982. Tumekisoma kwa sauti kwa miezi minne, kila Jumapili jioni, watu sita au saba tukibanana kwenye chumba changu huku Go-Down, bondeni chini ya kilima cha Naguru. Siku moja jirani yetu, mzee wa Kiganda, alikuja kuuliza kuna nini, maana kwa wazee wengi wa hapa Kiswahili kina sifa mbaya: ni lugha ya askari na majambazi. Tukamwambia, Mzee, tunasoma hadithi ya wezi. Akacheka, akasema basi hakukosea sana. Jumapili iliyofuata alirudi na kigoda chake.

Nataka kusema jambo kuhusu kitabu hiki, na si sifa tupu. Tangu Ngũgĩ afariki huko Marekani, Mei 2025, wengi wameandika kumsifu, na anastahili. Alisoma Makerere, hapa hapa Kampala. Alijua uhamisho kama sisi: kuanzia 1982 aliishi nje ya Kenya kwa kuogopa kukamatwa. Kitabu hiki alikiandika kwa Kigikuyu akiwa gereza la Kamiti mwaka 1978, kwenye karatasi za chooni. Lakini mzee akifa hatuachi kubishana naye. Mimi nabishana naye kwa jambo moja: wezi wake wanaongea mno.

Kwa nyinyi mlio Nakivale, Kyaka au Kyangwali ambao hamjakipata, hadithi iko hivi. Jacinta Wariinga ni karani wa kupiga taipu Nairobi. Bosi anamtaka, anakataa, anafukuzwa kazi. Mpenzi wake anamwacha. Mwenye nyumba anamtupia vitu nje. Anapanda matatu kurudi kwao Ilmorog, na humo ndani anasikia kwamba huko waendako kuna mashindano: pangoni watachaguliwa mabingwa saba wa wizi na unyang'anyi wa kisasa. Wageni wa heshima ni wezi waliotoka Marekani, Ulaya na Japani. Kila mshindani anapanda jukwaani na kujigamba. Mmoja, Gitutu, aliyetajirika kwa kuchezea mashamba ya watu, anataka sasa auze udongo kidogo kidogo, na hewa iliyofungwa kwenye mikebe. Mwingine, Kihaahu, anataka kuwapangisha maskini vijumba vidogo kama viota vya ndege. Wa tatu, Nditika, anaota kiwanda cha viungo vya binadamu, ili tajiri awe na moyo wa akiba asife upesi.

Tulicheka, bwana. Mama mmoja wa Uvira, anayetembeza vitenge soko la Nakawa, alicheka mpaka akatoka nje kupumua. Aliporudi akasema kwa Kiswahili cha kwetu, "Hii kitabu haiko bongo." Kwetu bongo ni uongo.

Tulipofika kwenye viota, kicheko kilipungua. Chumba tulichokaa ndicho tunacholala watu watano. Na jirani yetu, yule mzee, akaanza kuzungumza. Yeye aliishi kule juu, kwenye zile nyumba za esteti za Nakawa na Naguru ambazo wakoloni waliwajengea wafanyakazi. Mwaka 2007 serikali ilitia saini mkataba na kampuni binafsi kujenga mji mpya mahali pale. Julai 2011 nyumba zikabomolewa, familia zaidi ya 1,700 zikatoka. Waliahidiwa kwamba mji ukiisha watapewa nafasi ya kwanza. Mwaka 2013 jiwe la msingi likawekwa. Mji haukuja. Mkataba ukavunjwa, ardhi ikaanza kugawiwa watu wengine, na mwaka 2022 kamati ya Bunge ilikuwa bado inauliza nani alipewa nini na kwa utaratibu gani. Sisi tulidhani wakimbizi ndani ya chumba ni sisi peke yetu. Kumbe mwenyeji wetu naye alihamishwa, kilomita mbili tu kutoka alipozaliwa.

Mzee aliuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike. "Hawa wa kwenye kitabu chenu," alisema, "kwa nini wanasema majina yao?"

Ni kweli. Kanuni ya pangoni ni kwamba kila mshindani ajitambulishe kwanza: jina, mahali anapoishi, wake zake, vimada wake, magari yake. Ndipo aeleze alivyoiba. Ngũgĩ aliandika hivyo kwa sababu aliwajua matajiri wa Kenya ya miaka ya sabini, watu waliotaka waonekane. Tumbo lilikuwa cheti, Mercedes ilikuwa muhuri. Mwandishi akachukua tabia hiyo ya kujionyesha akaivuta mpaka mwisho, ikawa kichekesho. Kama kichekesho kinafanya kazi vizuri sana. Lakini kinatuachia picha moja ya hatari: kwamba mwizi mkubwa utamtambua ukimwona. Ni mnene, ana kelele, anajisifu.

Hebu tuite pangoni wezi wa siku hizi tuone. Mwaka 2013 Africa Progress Panel, jopo lililoongozwa na Kofi Annan, lilitazama mikataba mitano ya migodi ya Kongo iliyofanywa kati ya 2010 na 2012. Mali ya taifa iliuzwa kwa bei ya kutupa kwa kampuni zilizoandikishwa visiwani, hasa Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Jopo lilikadiria kwamba nchi ilipoteza dola bilioni 1.36. Hiyo ni karibu mara mbili ya bajeti ya mwaka mzima ya afya na elimu za Kongo zikiwekwa pamoja. Sasa mwite mshindani apande jukwaani. Jina lako? Kampuni fulani. Nani mwenye kampuni? Kampuni nyingine. Unaishi wapi? Sanduku la posta kisiwani. Wake zako, magari yako? Kimya. Mshindani huyu angeshindwa raundi ya kwanza pale Ilmorog, na bado ameondoka na migodi.

Au chukua habari za Congo Hold-up. Novemba 2021 waandishi wa nchi nyingi walichapisha uchunguzi uliotokana na nyaraka zaidi ya milioni tatu zilizovuja kutoka benki ya BGFI. Waliandika kwamba angalau dola milioni 138 za umma zilipita kwenye benki hiyo kwenda kwa familia na watu wa karibu wa rais wa wakati ule, Joseph Kabila. Pesa zilitoka hata Benki Kuu na kampuni ya taifa ya madini, Gécamines. Aliyeongoza benki hiyo Kinshasa alikuwa ndugu wa kulelewa pamoja na rais. Na moja ya kampuni zilizopokea mamilioni, ofisi yake ilikuwa gereji. Hiyo gereji ndiyo pango la leo. Haina jukwaa, haina wapiga makofi. Ukipita nje unaona mlango tu.

Niliposoma habari ya gereji nilikumbuka aibu yangu ndogo. Miaka kadhaa iliyopita nilihitaji karatasi moja. Ofisi sitaitaja. Kijana aliyesimama karibu na mlango alinieleza kwamba faili langu limelala na linahitaji chai, shilingi 150,000. Sikupewa risiti, bila shaka. Nilipewa namba ya simu. Nikaingiza namba, nikaingiza kiasi, na kabla sijaweka pini, simu ikanionyesha jina la mwenye akaunti: mwanamke. Sijawahi kumwona, labda hata yeye hajui laini yake inafanya kazi gani. Nikaweka pini. Faili likaamka. Tangu hapo mtu akiniambia mambo ya kampuni za visiwani ni magumu, ya wasomi, namwambia hapana Yaya, unayajua. Ni ile laini ya simu yenye jina la mtu mwingine, tofauti ni tarakimu tu.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo Ngũgĩ hakuliona, wala asingeliona mwaka 1978. Kanuni ya pango haikufa. Imehamia kwetu. Nani leo anasimamishwa mbele ya meza na kuambiwa taja jina lako, jina la baba yako, mahali ulipoishi, wake zako, watoto wako, kisha eleza hadithi yako yote, na ole wako ukikosea tarehe? Mimi nimefanya mahojiano hayo mara nne. Nimetoa vidole vyote kumi na macho yote mawili. Mashine ya Kampala inajua mboni ya jicho la binti yangu wa miaka sita. Mwenye kampuni ya Virgin hajatoa hata kidole kimoja. Silaumu usajili, bila karatasi ile mimi ni mtu wa kufukuzwa tu. Nasema kwamba dunia ina uwezo wa kumjua mtu hadi ndani ya jicho. Inachagua nani wa kumjua.

Turudi kwa Gitutu na hewa yake. Hapa Ngũgĩ alidhani anatia chumvi, na Kiswahili kimemzidi. Sisi tuna neno hewa kwa kitu kilichopo kwenye karatasi na hakipo duniani. Tanzania mwaka 2016 serikali ya Magufuli ilitangaza wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000, watu waliopokea mshahara bila kuwepo. Kampuni isiyo na ofisi wala kazi tunaiita kampuni hewa. Na hapa Uganda tulipata wa kwetu, wakimbizi hewa. Mapema 2018 maofisa wakubwa wa idara inayoshughulikia wakimbizi walisimamishwa kazi kwa tuhuma mbalimbali, mojawapo kukuza idadi yetu. Wengi wenu mnakumbuka zoezi lililofuata, kuanzia Machi hadi Oktoba, foleni ndefu chini ya mahema. Kabla yake hesabu ilikuwa watu milioni 1.4. Baada yake ilikuwa kama milioni 1.1.

Tuwe wa haki: si wote waliokosekana walikuwa wizi. Wengine walirudi kwao, wengine walihama, wengine walijiandikisha mara mbili kwa njaa. Lakini fikiria mtu aliyekaa na kalamu akamwandika mkimbizi asiyekuwepo, akampa jina, akampa ukubwa wa familia, akampangia maharage na mafuta. Huyo ni mtunzi wa riwaya. Ameuza hewa kwenye mkebe, na mkebe una jina linalofanana na letu. Mkimbizi hewa anakula, na mkimbizi wa nyama anaambiwa posho imepunguzwa.

Sitaki kuacha picha kwamba wezi ni wageni tu, au sisi tu. Ngũgĩ mwenyewe alilipima jambo hili kupitia Mwireri, mmoja wa abiria wa ile matatu. Mwireri anapanda jukwaani na kusema wezi wa Kenya waibe wenyewe, wasiwape wageni sehemu. Mwizi mzalendo! Wenzake wanakasirika, na baadaye anauawa. Kundi letu liligawanyika hapo. Mwalimu, mzee wetu wa Fizi, alisema Mwireri afadhali, pesa zingebaki nyumbani. Nilimjibu kwa mfano wa hapa hapa.

Kutoka Naguru ukitazama chini upande wa Nakawa unaona jengo la mamlaka ya mapato. Mwaka 2010 kampuni ya Heritage iliuza sehemu zake za mafuta ya Uganda kwa kampuni ya Tullow kwa dola bilioni 1.45. Mamlaka ikadai kodi ya dola milioni 404. Nyaraka za Panama zilipovuja mwaka 2016, barua pepe za Heritage zilionekana: kabla ya mauzo walikuwa wanashughulikia kuhamisha makao ya kampuni kutoka Bahamas kwenda Mauritius, kwa kuwa Mauritius ina makubaliano ya kodi na Uganda. Watu hawahami, mafuta hayahami, kisima kiko pale pale Bunyoro. Karatasi ndiyo inayohama. Mkimbizi wa namna hii hapigi foleni.

Uganda ilipigana mahakamani na ikashinda, na tunapaswa kuwasifu wanasheria wake. Halafu Januari 2017 nchi ikagundua kwamba maofisa 42 waligawana shilingi bilioni 6 kama shukrani kwa ushindi huo, kwa idhini ya rais. Watu waliokuwa wanalipwa mshahara kufanya kazi hiyo hiyo. Serikali ilisema ni zawadi halali. Bunge likachunguza. Mimi si hakimu. Nasema tu kwamba wananchi walijua baada ya jambo kuisha, kwa sababu karatasi ilitoka nje. Kwa hiyo, Mwalimu, pesa kubaki nyumbani hakutoshi. Inabidi ziwe mahali ambapo mwenye nyumba anaziona.

Mwalimu hakukubali. Alisema mwenye nyumba akiziona atazila pia. Bado tunabishana.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoona ndiyo kubwa kuliko zote katika kitabu, na ambayo wasomaji wengi huipita wakikimbilia vichekesho. Ni habari ya Wangari. Mama huyu, aliyebeba bunduki za Mau Mau akiwa msichana, amekamatwa Nairobi kwa kosa la kuzurura bila kazi. Mbele ya hakimu anasema, mimi najua wezi walipo, nitawaonyesha. Wanamsifu. Anakwenda Ilmorog, anaona pango kwa macho yake, anakwenda kuwaita polisi. Polisi wanakuja kweli. Wanaingia pangoni, wanawaheshimu wakubwa, na wanayemfunga pingu ni Wangari.

Nilisoma sehemu hiyo mwenyewe kwa sauti na chumba kilinyamaza. Kila mmoja wetu ana Wangari wake. Wa kwangu, kwa kusoma tu, ni vijana wawili wa Kongo, Gradi Koko na Navy Malela. Walifanya kazi benki ya Afriland Kinshasa. Waliona akaunti na miamala ambayo waliamini inamsaidia mfanyabiashara Dan Gertler kukwepa vikwazo alivyowekewa na Marekani Desemba 2017. Taarifa zao zikatoka hadharani Julai 2020 kupitia mashirika ya PPLAAF na Global Witness. Gertler na benki walikana. Na mahakama ya Kinshasa ikafanya nini? Ikawahukumu kifo hao vijana, wakiwa hawapo, bila wao kujua. Habari ilijulikana Februari 2021. Hukumu ya kifo kwa watu walioonyesha karatasi! Wako Ulaya sasa, wakimbizi kama sisi. Hapa Ngũgĩ hakutia chumvi hata chembe. Pingu zinakwenda kwa aliyeonyesha mlango wa pango.

Na tazama ni watu wa aina gani. Hawakuwa wanasiasa wala waandishi. Walikuwa wafanyakazi wa benki. Jean-Jacques Lumumba, aliyetoa siri za BGFI mwaka 2016, naye alikuwa mfanyakazi wa benki. Watu wanaopiga taipu, wanaopanga mafaili. Na Wariinga ni nani? Ni karani wa kupiga taipu. Ngũgĩ ameweka katikati ya kitabu mtu ambaye vidole vyake vimepita juu ya barua za mabosi, halafu hatuambii kamwe barua hizo zilisema nini! Kwangu huo ndio upungufu mkubwa wa riwaya hii. Mwandishi anamtazama Wariinga kama mwanamke aliyeonewa, na baadaye kama fundi hodari wa mashine, na vyote viwili ni vizuri. Anasahau kwamba alikuwa shahidi. Alikuwa amekaa ndani ya pango miaka yote, kwenye kiti cha karani, na mashine mbele yake.

Nasema hivi kwa sababu mimi nami nilikaa kwenye kiti hicho. Kabla ya kukimbia nilikuwa karani wa nyumba ya kununua madini, ile tunayoita komptwari, katika mji wa Kivu ambao sitautaja. Nilikuwa na madaftari mawili. La bluu liliandikwa kilo ambazo mkaguzi angeziona. Jeusi liliandikwa kilo zenyewe. Mwandiko ni mmoja, wangu, mzuri, masista walinifundisha. Sikuiba hata gramu. Nilipokea mshahara wangu mwisho wa mwezi nikalipa karo za watoto. Usiku mmoja watu wenye bunduki walikuja kudai sehemu yao ya tofauti kati ya bluu na jeusi, na ndiyo maana niko Naguru. Katika mahojiano yangu manne nilisema ukweli juu ya watu wenye bunduki. Hakuna aliyeniuliza habari za madaftari, na mimi sikuzisema.

Kwa hiyo tulipofika mwisho wa kitabu, mimi sikupiga makofi. Wariinga anachukua bastola na kumpiga risasi tajiri aliyemharibia usichana wake, ambaye ni baba wa mchumba wake. Vijana walifurahi sana. Kijana mmoja fundi wa simu alisema ndivyo inavyotakiwa. Mama wa vitenge, aliyecheka kuliko sisi wote, ndiye aliyemjibu: "Ule mutu amekufa, lakini makuta yake iko wapi?" Makuta ni pesa. Na ni swali ambalo Ngũgĩ hakulijibu. Risasi inampata mwenye mwili. Kampuni ya kisiwani haina mwili, na siku mwenyewe akifa inaendelea kupokea. Tena sisi tumetoka mahali ambapo kila mwenye bunduki alisema anawapiga wezi. Kwetu risasi haikufichua daftari hata moja. Ilichoma mengi.

Kinachowaogopesha watu wa gereji ni jina. Ndiyo maana wanalipa mawakili wengi ili lisiandikwe. Uganda ilibadilisha sheria ya kampuni mwaka 2022 ili mmiliki halisi aandikishwe, na ni hatua, ingawa jina lililofungiwa kabatini bado ni siri yenye muhuri wa serikali. Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika mnaosoma jarida hili, msidhani nimewasahau. Mabango mengi niliyoyaona kwenye makazi ya wakimbizi yana nembo nane, tisa, za waliotoa. Sijaona hata moja lililoandika zilitolewa kiasi gani, na kisima kilichimbwa kwa kiasi gani. Mnajua ukubwa wa familia yangu, mnajua nina magodoro mangapi. Niandikieni basi bei ya kisima. Kuna rangi ya kutosha kwenye bango, punguzeni nembo moja.

Kitabu hiki kisomeni. Kina makosa: kinahubiri mno, wanawake wengine humo wamechorwa haraka, na wezi wake wana matumbo makubwa kuliko ya kweli. Lakini ni kitabu kilichotufanya watu saba, na jirani mmoja Mganda, tuzungumze Jumapili kumi na sita juu ya pesa bila kunong'ona. Sijui kitabu kingine kilichowahi kunifanyia hivyo.

Jumapili ya mwisho, wote walipoondoka, nilichukua daftari la shule la binti yangu lililokuwa na kurasa zilizobaki, nikaanza kuandika ninayokumbuka kutoka daftari jeusi. Tarehe, kilo, namba za malori, jina la aliyepokea mzigo. Nimefika ukurasa wa tisa. Sijajua bado nitampa nani. Mzee jirani alipoona taa inawaka usiku aligonga dirisha akauliza kama tumeanza kitabu kipya. Nikamwambia ndiyo, Mzee, lakini hiki nakiandika polepole.